Kunyosha Magurudumu ya Mbele ya Motokaa Kuukuu

Mtu akiona tairi la motokaa yake limelika upande mmoja, aghalabu husema kwamba tairi lile lilikuwa hafifu, au kwamba mwenye duka amemdanganya. Basi hununua jingine. Baada ya miezi michache hilo nalo limelika vile vile, upande ule ule, na mwenye gari hana tena fedha za kununua la tatu. Ukweli ni kwamba tairi halina hatia. Gurudumu lenyewe halitazami mbele sawasawa, na tairi lililovikwa juu yake huburutwa barabarani kila siku kama mtoto anayevutwa mkono kwenda asikotaka.

Mafundi wa mjini wanazo mashine za kupima jambo hili, nao huliita alaimenti. Mashine hizo ni nzuri, wala sina neno juu yake. Lakini wazazi wengi wa shule hii wakaa mbali na mji, magari yao yana umri kuliko baadhi yetu sisi walimu, na safari yenyewe ya kwenda kupimiwa yala tairi. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze jinsi mtu awezavyo kupima na kunyosha magurudumu ya mbele nyumbani kwake kwa timazi, uzi, chaki na spana mbili, pamoja na jiometri ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha pili anayo kichwani, au yapasa awe nayo.

Gari nitakalolifanya mfano ni Volkswagen ile ndogo yenye mgongo kama wa kobe. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni gari lililotengenezwa kwa muda mrefu sana, tangu mwaka 1938 hadi 2003 lilipotoka la mwisho huko Meksiko, na jumla yake ni zaidi ya milioni 21. Hata leo hukosi kuliona moja likipanda mlima polepole. Wazee wetu walilifahamu vizuri, maana lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, tena 1957, tena 1962, katika njia za vumbi na matope zilizovunja magari makubwa kuliko lenyewe. Pili, mitambo yake ya mbele yaonekana waziwazi ukiinama na kuchungulia, na mwanafunzi aweza kukifuata kila kiungo kwa kidole chake toka kwenye usukani hata kwenye gurudumu.

Kabla ya kushika spana, hapana budi tufahamu tunataka kunyosha nini. Gurudumu la mbele lina pembe tatu, nazo hazifanani kazi.

Pembe ya kwanza utaiona vizuri zaidi katika baiskeli. Itazame baiskeli kwa ubavu. Uma wa mbele haukusimama wima, bali juu umelala kidogo kuelekea nyuma. Ukiuendeleza kwa mawazo mstari wa shingo yake hata chini, utagusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapogusa. Kwa hiyo tairi hufuata nyuma ya mstari ule, na baiskeli hujinyosha yenyewe. Ndiyo sababu vijana watundu huweza kuendesha bila kushika. Motokaa nayo ina mlalo kama huo, nao ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kupinda kona.

Pembe ya pili yaonekana ukisimama mbele ya gari: je, gurudumu limesimama wima, au limeinama nje au ndani? Katika Volkswagen yetu, magurudumu ya mbele huinama nje kwa juu kidogo sana, pungufu ya digrii moja. Pembe hizi mbili hazichezewi nyumbani. Zikiwa zimeharibika, mara nyingi kuna kitu kilichopinda au kilicholika, na dawa yake ni kukibadili.

Pembe ya tatu ndiyo ya makala hii. Utaiona kama ungeweza kulitazama gari toka juu, kama mwewe. Watu wengine wakitembea, ncha za nyayo zao huelekeana. Wengine ncha zao hutazama nje kama bata. Magurudumu nayo ni vivyo hivyo. Yakikaribiana kwa mbele kuliko kwa nyuma, tuseme yamebana. Yakiachana kwa mbele, tuseme yamepanuka.

Msomaji aweza kuuliza: Kwa nini yasiwekwe sambamba kabisa, yakaachwa hivyo? Jibu ni kwamba gari lililosimama si sawa na gari linalokwenda. Volkswagen husukumwa na magurudumu ya nyuma. Barabara huyapinga magurudumu ya mbele, huyasukuma nyuma, na kwa kuwa kila kiungo kina nafasi kidogo na kila chuma hupinda kidogo, magurudumu hupanuka gari likiwa mwendoni. Basi hubanwa kidogo gari likiwa limesimama, ili likienda yawe karibu na sambamba. Kwa Volkswagen kipimo ni milimita 2 hadi 4, yaani nafasi kati ya ukingo wa rimu moja na ukingo wa rimu ya pili iwe ndogo kwa mbele kuliko kwa nyuma kwa kiasi hicho. Morris Minor, ambayo nayo husukumwa kwa nyuma, hubanwa sehemu 3 za 32 za inchi, nayo ni karibu milimita 2.4. Lakini Mini iliyotoka mwaka 1959 huvutwa na magurudumu ya mbele, na mvuto huo huyabana yenyewe mwendoni. Kwa hiyo hupanuliwa sehemu 1 ya 16 ya inchi. Mtu aliyekariri kwamba kila gari hubanwa ataiharibu Mini siku ya kwanza. Kitabu cha gari lako ndicho cha kufuata.

Sasa tuone hasara yake kwa hesabu. Muhula uliopita mzazi mmoja aletaye mboga shuleni alikuja na Volkswagen yake ya mwaka 1972. Matairi mawili ya mbele yalikuwa yamelika kingo za nje hata nyuzi zimeanza kuonekana, na hayo yalikuwa ya pili katika mwaka mmoja. Karakana aliyokwenda kwanza ilimbadilishia kichwa kimoja cha fimbo ya usukani, ambacho mafundi hukiita tairodi endi, kisha ikamuuzia matairi, kisha ikamuuzia matairi tena. Hakuna aliyepima chochote. Yule mzee gari lile ndilo linalomlipia mtoto wake ada, na alikuwa amekwisha kufikiri kuliuza kwa bei ya vyuma.

Tulipima kwa njia nitakayoieleza chini. Katikati ya tairi la kushoto hata katikati ya la kulia tulipata milimita 1,303 kwa mbele na 1,317 kwa nyuma. Tofauti ni milimita 14. Kipenyo cha tairi lile ni karibu milimita 645. Magurudumu mawili yakigawana kosa sawasawa, kila moja limepinda milimita 7 katika 645, nayo ni kama 1 katika 92. Maana yake ni kwamba kila kilomita moja ya barabara, kila tairi lataka kwenda kando karibu mita 11, na gari lalikatalia. Toka Dar es Salaam hata Morogoro ni karibu kilomita 190. Katika safari hiyo moja tairi huvutwa kando jumla ya zaidi ya kilomita 2! Si kweli kwamba mita zote hizo ni za kusugua, maana mpira hupinda kwanza kisha hurudi. Lakini sehemu yake ni ya kusugua, na mpira unaosugua lami ya moto hauna maisha marefu.

Tairi lenyewe hutoa ushahidi kwa mkono. Pitisha kiganja juu ya meno yake toka ndani kwenda nje, kisha toka nje kurudi ndani. Likiwa limebanwa kupita kiasi, utasikia makali mkono uendapo nje, na ulaini urudipo ndani. Likiwa limepanuka, ni kinyume chake. Tairi lililolika katikati tu lina hewa nyingi. Lililolika kingo zote mbili lina hewa chache. Hayo hayahusiani na habari hii. Lililolika mabaka mabaka laweza kuwa na shokapu iliyokufa.

Sasa tuingie kazini, nami nitakaa sana katika matayarisho kwa sababu hapo ndipo watu wengi huharibu. Kurekebisha kwenyewe ni kazi ya dakika kumi.

Kwanza tafuta sakafu. Udongo hautoshi. Sakafu ya saruji ya baraza pana au ya ghala yafaa, nayo ipimwe kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani: maji ya ncha mbili hayadanganyi. Kama gurudumu moja liko chini, weka kipande cha ubao chini yake mpaka yote manne yawe sawa. Tia hewa katika matairi kama kitabu kisemavyo. Katika Volkswagen matairi ya mbele hutiwa hewa pungufu kuliko ya nyuma, kwa kuwa injini iko nyuma, usishangae. Toa mizigo. Magunia ya viazi yaliyosahauliwa nyuma ya kiti yaweza kukuharibia kipimo.

Pili, chunguza ulegevu. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki, kisha uliweke gari juu ya stendi za chuma au magogo mapana. Hapa natoa amri, si shauri: mtu yeyote asiingize kichwa wala mkono chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mtazamaji aangalie ni wapi panapocheza: kama ni habu, beringi imelegea, kama ni nyuma yake, viungo vya mkono vimelika. Volkswagen za kabla ya mwezi wa Agosti 1965 zina pini za wima na za kulala ambazo zataka grisi mara kwa mara, na nyingi zimekufa kwa kiu. Za baadaye zina viungo vya mpira wa chuma, yaani boli jointi. Halafu shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise. Likicheza hivi, shaka iko katika vichwa vya fimbo au katika sanduku la usukani. Mtu mmoja ageuze usukani kidogo kushoto na kulia, na mwingine aweke kidole juu ya kila kiungo. Kiungo kibovu utakisikia kikigonga chini ya kidole kabla hujakiona.

Ukikuta kilicholika, kibadili kwanza. Kupima gari lenye viungo vilegevu ni kama kupima kitambaa kinachopeperushwa na upepo. Leo utapata 3, kesho 9, na yote mawili yatakuwa kweli.

Tatu, gari likiwa bado juu, piga mstari. Rimu ya gari kuukuu mara chache huwa mviringo kamili. Mashimo ya barabara yetu yameipiga. Ukipima toka kwenye ukingo wake, huenda ukapima pigo la shimo badala ya pembe ya gurudumu. Basi paka chaki kuzunguka uso wa tairi, katikati. Chukua msumari uliopigiliwa katika kipande kizito cha ubao, uweke ubao sakafuni ncha ya msumari iguse chaki, ushikilie ubao usisogee, na mwenzako alizungushe gurudumu polepole. Msumari utachora mstari mwembamba. Hata kama rimu imepinda, mstari huu hauyumbi, kwa sababu umechorwa na gurudumu lenyewe likizunguka. Fanya hivyo kwa magurudumu yote mawili. Wanafunzi wangu waliufurahia mstari huu kuliko jambo jingine lolote la siku ile, na nadhani walikuwa na haki.

Shusha gari. Usipime bado. Magurudumu yaliyokuwa hewani hayajakaa mahali pake. Bonyeza pua ya gari chini mara tatu nne, kisha lisukume mbele kwa mikono mita tatu au zaidi, usukani ukiwa sawa, lisimame lenyewe bila breki. Ukilipitisha mahali, usilirudishe nyuma. Lizungushe uanze tena. Gari likirudi nyuma viungo huvutwa upande mwingine, na kipimo hubadilika.

Nne, angusha timazi. Tafuta mahali ambapo mstari wa chaki uko mbele kabisa ya tairi, kimo cha katikati ya gurudumu. Shikilia uzi wa timazi hapo, uache utulie, na mwenzako atie alama ya penseli sakafuni chini ya ncha. Fanya hivyo mbele ya tairi la kushoto, nyuma yake, mbele ya la kulia, nyuma yake. Una alama nne. Sasa lisukume gari liondoke kabisa, nawe umebakiwa na umbo la pande nne lililochorwa sakafuni, ambalo hakuna chuma cha kukuzuia kulipima. Ndiyo faida ya njia hii: ukitaka kunyosha utepe chini ya gari toka tairi hata tairi kwa kimo cha katikati, utazuiwa na ekseli na sakafu ya gari.

Pima upande wa mbele, pima upande wa nyuma, toa. Pima mara mbili, na mara ya pili apime mtu mwingine asiyejua ulipata nini.

Angalia lakini jambo moja ambalo limewapotosha wengi. Kipimo cha kitabu, 2 hadi 4, ni cha rimu, ambayo kipenyo chake toka ukingo hata ukingo ni karibu milimita 400. Sisi tumepima katika uso wa tairi, kipenyo 645. Pembe ni ile ile, lakini mkono ni mrefu zaidi, hivyo kila milimita 1 ya rimu ni milimita 1.6 ya tairi. Kipimo chetu basi ni toka 3.2 hadi 6.4, na katikati yake ni karibu 5. Gari la yule mzee lilikuwa na 14, nalo lataka 5, lipunguzwe 9.

Lipunguzwe upande gani? Hapa usukani hutoa habari. Gari lile likienda sawa, usukani wake ulikuwa umeinama kushoto. Fikiri: gurudumu la kushoto likibanwa kupita kiasi, latazama kulia. La kulia liko sawa. Gari lataka kufuata wastani wao, yaani kulia kidogo, na dereva bila kujua hushikilia kushoto ili aende mbele. Kwa hiyo mwenye kosa ni gurudumu la kushoto, na kosa liko katika fimbo yake. Tulipotazama, naam, kichwa kipya kilikuwa upande ule ule.

Jambo la usukani si la urembo tu. Ndani ya sanduku la usukani meno yamekazwa zaidi katikati, kwa kuwa hapo ndipo gari linapokaa karibu safari nzima. Gari likienda sawa huku usukani umepinda, meno hayako katikati yake, na dereva husikia ulegevu ambao kwa kweli haupo. Watu hukaza sanduku hilo ili kuuondoa, na kulimaliza. Afadhali kunyosha fimbo.

Fimbo za usukani katika Volkswagen ni mbili, nazo hazilingani urefu, maana sanduku liko upande wa dereva. Katika magari yetu ya usukani wa kulia, fupi huenda kulia na ndefu kushoto. Katika baadhi ya magari ya zamani fupi haina uzi wa kurekebisha, nawe utafanya kazi na ndefu peke yake. Kila fimbo inayorekebishwa ina uzi wa kulia ncha moja na uzi wa kushoto ncha ya pili. Kwa hiyo huna haja ya kufungua kitu toka kwenye gurudumu: legeza nati za kufungia za ncha zote mbili, zungusha fimbo yenyewe, nayo hurefuka au hufupika pande zote mbili kwa pamoja. Kumbuka kwamba nati ya uzi wa kushoto hufunguka kinyume. Nimewaona watu wazima wakiikaza kwa nguvu zao zote wakidhani wanaifungua. Nati zilizoshikwa na kutu zipakwe mafuta jioni ya siku iliyotangulia, zilale nayo usiku kucha.

Je, kurefusha fimbo hubana au hupanua? Yategemea fimbo iko mbele au nyuma ya kitovu cha gurudumu. Fimbo iliyo nyuma ikirefushwa, husukuma nyuma za magurudumu ziachane, na mbele hubana. Fimbo iliyo mbele ikirefushwa, hupanua. Kwa hiyo usikariri, chungulia. Nawe ukiona shaka, geuza kidogo upime tena. Kipimo kitakuambia.

Na hiyo "kidogo" ni kidogo kweli. Tuseme uzi una hatua ya milimita 1.5. Mzunguko mmoja wa fimbo hubadili urefu wake milimita 3, kwa kuwa ncha zote mbili hufanya kazi. Tuseme mkono wa gurudumu ambao fimbo hushika una urefu wa milimita 120. Kila milimita 1 ya fimbo hukuzwa mara 645 kwa 120, yaani mara 5.4, ikifika kwenye tairi. Sisi tulitaka 9. 9 kwa 5.4 ni karibu milimita 1.7 za fimbo, nayo ni zaidi kidogo ya nusu mzunguko. Yule mzee alisimama akatazama ile spana ikigeuzwa nusu duara. Akauliza, "Ni hiyo tu, mwalimu?" Nikamwambia ni hiyo tu, mzee wangu. Hakufurahi mara moja. Alikuwa akihesabu matairi manne.

Tia alama ya chaki juu ya fimbo ili uone umegeuza kiasi gani, na ukikaribia kipimo geuza sehemu ya nane ya mzunguko tu kila mara. Kila baada ya kugeuza, lisukume gari mbele tena na uangushe timazi tena. Hili lachosha. Hapana njia ya mkato. Kama usukani ulikuwa sawa tangu mwanzo na kosa ni la jumla, gawanya marekebisho sawasawa katika fimbo zote mbili. Kama jumla ni sawa bali usukani umepinda, refusha moja na kufupisha nyingine kwa kiasi kile kile.

Kipimo kikipatikana, kaza nati za kufungia huku umeshikilia fimbo isizunguke, na uangalie kwamba vichwa vya ncha mbili havikupindana. Kila kimoja kiwe na nafasi ya kutikisika kidogo pande zote mbili. Kama kuna vibati vya kuzuia nati, vikunje. Kama uliondoa kotapini yoyote, tia mpya, usirudishe ya zamani. Kisha mtu wa pili, ambaye hakukaza, apitie kila nati kwa spana yake. Katika kazi hii yote hapo ndipo roho za watu zilipo. Tairi likilika, fedha hupotea; fimbo ikichomoka mlimani, hakuna usukani tena.

Jaribu gari polepole kwanza, mahali pasipo watu, ukishika breki mara kadhaa. Kisha barabarani. Usiogope likivuta kushoto kidogo: barabara nyingi zimejengwa mgongo katikati ili maji yatiririke, nasi twaendesha upande wa kushoto wa mgongo huo. Baada ya kilomita mia tano pitisha tena kiganja juu ya matairi.

Yako magari ambayo njia hii haiyatoshi. Volkswagen za namna ya 1302 na 1303, zilizotoka toka mwaka 1970 na 1972, zina miguu ya mbele ya namna nyingine, ingawa timazi huzipima vile vile. Kipimo kitafutwe katika kitabu chake. Magari mengi ya siku hizi hurekebishwa magurudumu yote manne, na hayo yapelekwe kwenye mashine. Vile vile gari lililogongwa, au lililoangukia shimo kubwa hata ekseli ikapinda: waweza kulibana sawasawa kwa milimita, na bado likala matairi, maana pembe zile mbili nyingine zimekwisha potea. Ukiona gurudumu moja limeinama kuliko mwenzake kwa jicho tu, weka spana chini.

Mzee wetu wa mboga alinunua matairi mawili yaliyotumika, kwa kuwa fedha za mapya hakuwa nazo. Tuliyaandika tarehe kwa rangi nyeupe ubavuni, na kila Jumatatu aletapo mboga kijana mmoja wa kidato cha tatu huyapima kina cha meno kwa rula, mahali patatu: ukingo wa nje, katikati, na ukingo wa ndani. Hata wiki ya kumi na moja, tulipofunga shule, vipimo vitatu vilikuwa vikishuka pamoja. Sakafu ya karakana ya shule yapatikana kila Jumamosi baada ya usafi, kwa mzazi yeyote atakayetaka kupimiwa, na wanafunzi watakaopenda kusaidia walete penseli iliyochongwa vizuri, timazi tunazo.